Fundi cherehani atoe taarifa, asiombe kibali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kwa miaka mingi nililifundisha darasani katika somo la Uraia, na ambalo sasa nikiwa mstaafu ninaliona likikanyagwa mitaani mchana kweupe: uhusiano kati ya leseni inayotolewa na Serikali na haki ambayo mtu huzaliwa nayo. Mjadala wetu kuhusu leseni, kila unapoibuka bungeni au magazetini, huishia kwenye kiwango cha ada. Tunabishana kama ada ni kubwa au ndogo, kama ilipwe mara moja au kwa awamu, kama ilipwe dirishani au kwa simu. Swali linalopaswa kutangulia hatulifikii, nalo ni kwamba mtu mzima mwenye akili timamu, anayetaka kushona nguo, kukaanga mihogo au kuandika maoni yake, anahitaji ruhusa ya nani, na kwa sababu gani.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika sehemu ya haki za binadamu iliyoingizwa kwa marekebisho ya mwaka 1984, inasema kwenye ibara ya 12 kwamba binadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa, na kwenye ibara ya 22 kwamba kila mtu anayo haki ya kufanya kazi. Wanafunzi wangu walikuwa wakiyakariri maneno hayo kwa ajili ya mtihani, kisha wakitoka shuleni wanakuta kwamba karibu kila kazi wanayoweza kuianza kwa mikono yao wenyewe ni kosa la jinai mpaka afisa fulani atakapotia sahihi. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972, ambayo ndiyo mama wa mambo haya, inamfanya anayefanya biashara bila leseni kuwa mkosaji, na haiulizi kwanza kama biashara hiyo imemdhuru mtu yeyote. Sheria hiyo ilitungwa miaka 12 kabla ya haki hizo kuingizwa kwenye Katiba, na kwa maoni yangu bado tunaitumia kana kwamba haki hizo hazikuwahi kuingizwa.

Wapo watakaosema kwamba mambo ya haki za asili ni falsafa ya Wazungu, isiyotuhusu. Ningewaomba wasome upya imani ya TANU iliyowekwa mwanzoni mwa Azimio la Arusha mwaka 1967, inayotamka kwamba binadamu wote ni sawa, kwamba kila mtu anastahili heshima, na kwamba kila mtu anayo haki ya kupata malipo ya haki kutokana na kazi yake. Chama kilichoandika hayo kilikuwa kinajenga ujamaa, hakikuwa na sababu yoyote ya kuwapendeza mabepari, na bado kilitambua kwamba heshima na kazi ya mtu vinatangulia mipango ya dola.

Lakini zaidi ya hapo tunayo hukumu ya mahakama zetu wenyewe. Mwaka 1994 Mahakama Kuu iliyoketi Dodoma, chini ya Jaji Lugakingira, iliamua kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Miongoni mwa mambo aliyoyapinga Mchungaji Mtikila ni vifungu vya Sheria ya Jeshi la Polisi, vilivyorithiwa tangu enzi ya ukoloni, vilivyomtaka mwananchi aombe kibali kabla ya kufanya mkutano wa hadhara au maandamano. Jaji alieleza kwamba haki za msingi si zawadi kutoka kwa dola. Mtu anakuwa nazo kwa sababu ya kuzaliwa kwake, na kwa hiyo zimetangulia dola na zimetangulia sheria. Kuziandika kwenye Katiba, alisema, si kuziumba, ni kuzitambua ili ziweze kulindwa mahakamani. Kutokana na msingi huo akaona kwamba uhuru wa kukutana unaotegemea kibali cha afisa wa polisi umekwisha kugeuka kuwa hisani ya afisa huyo, akavitangaza vifungu hivyo kuwa batili.

Watu wengi wanaikumbuka kesi hiyo kwa sababu za siasa. Mimi naikumbuka kwa sababu ya kilichofuata. Nchi haikuachwa bila utaratibu, wala polisi hawakuambiwa wafumbe macho. Utaratibu uliowekwa ni wa taarifa: anayetaka kufanya mkutano anamwarifu mkuu wa polisi wa eneo hilo, si chini ya saa 48 kabla, na akishaarifu anaendelea na mkutano wake isipokuwa polisi wakiwa na sababu ya kuuzuia. Polisi wanajua nani anakutana, wapi na saa ngapi, wanaweza kupanga ulinzi na magari, na hakuna kinachopotea ila jambo moja tu, yaani mwananchi kupiga magoti.

Mwaka mmoja kabla yake, Mahakama ya Rufani ikiwa Arusha ilikuwa imeamua kesi ya Kukutia Ole Pumbun na mwenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ambayo haitajwi sana mitaani ingawa kwangu ina uzito uleule. Sheria ya wakati ule ilimzuia mtu kuishitaki Serikali mpaka Serikali yenyewe ikubali kushitakiwa. Mahakama iliitupa sharti hilo, na ikaweka kipimo ambacho kila anayetunga masharti nchini angepaswa kukibandika mezani kwake: sheria inayobana haki ya mtu kwa ajili ya manufaa ya umma ni lazima isiwe ya kidhalimu, iwe na kinga za kutosha dhidi ya afisa anayeweza kuitumia vibaya, na isibane zaidi ya kiasi kinachohitajika kufikia lengo lililo halali. Baada ya hukumu hiyo Bunge lilibadilisha sheria mwaka 1994, na tangu hapo anayetaka kuishitaki Serikali anatakiwa kutoa notisi ya siku 90. Siku 90 ni nyingi, na ninawaonea huruma wanaozisubiri, lakini msomaji atazame mwelekeo wenyewe: kwa mara ya pili ndani ya muda mfupi kibali kiliondoka na taarifa ikachukua nafasi yake, na dola haikuanguka.

Ninachouliza, Ndugu Mhariri, ni kwa nini hekima hiyo iliishia kwenye mikutano na kesi. Mwanasiasa anayetaka kuhutubia maelfu ya watu anatoa taarifa. Mtu anayetaka kuishitaki Jamhuri nzima anatoa taarifa. Fundi cherehani anayetaka kupunguza suruali ya jirani yake anaomba leseni.

Nimemtaja fundi cherehani kwa sababu nimeliona jambo lenyewe kwa macho yangu. Katika mtaa mmoja ambao sitautaja, kijana aliyekuwa akishona kwenye baraza ya nyumba ya mama mmoja alifikiwa na mgambo wakiwa na gari la halmashauri. Waliuliza leseni, hakuwa nayo, wakaibeba cherehani. Walipoinyanyua, shati jeupe la shule lilikuwa bado limebanwa chini ya sindano, kola imeshonwa upande mmoja, na uzi ukajifungua kutoka kwenye kibobini mpaka kwenye bodi ya gari. Mama aliyekuwa ameleta shati hilo alikuwa amesimama pale pale akisubiri, kwa kuwa shule zilikuwa zinafunguliwa, akaambiwa aende akalidai ofisini. Hakuna aliyemtuhumu kijana yule kwa wizi, kelele, uchafu wala kuziba njia. Kosa lake lilikuwa kufanya kazi.

Nilizungumza naye baadaye, nikataka kujua kwa nini hakuikata leseni mapema. Alinieleza vizuri kuliko ambavyo mimi ningeweza. Ili upate leseni unatakiwa uwe na namba ya mlipakodi, na uthibitisho kutoka mamlaka ya mapato kwamba mambo yako ya kodi yako sawa, na kitambulisho cha Taifa, na mkataba wa pango wa mahali unapofanyia kazi. Yeye hana pango. Mama mwenye nyumba alimruhusu akae barazani kwa sababu anamshonea nguo za watoto, na mama huyo hawezi kuandika mkataba kwa kuwa nyumba ni ya urithi na ndugu bado hawajagawana. Kwa hiyo hawezi kupata mkataba, na bila mkataba hapati leseni, na bila leseni hapati kipato kitakachomwezesha kupanga fremu ambayo ingempa mkataba. Naomba wasomaji wasilione hili kuwa ni uzembe wa kijana mmoja. Masharti haya yaliandikwa yakimfikiria mtu mwenye duka, mlango, kufuli na anwani, kisha yakatandazwa juu ya watu ambao wengi wao hawana kimoja kati ya hivyo.

Historia ya leseni katika eneo letu ingetosha kutufanya tuwe waangalifu. Nitatoa mfano wa kahawa, kwa sababu milima miwili iliyo karibu, yenye hali ya hewa inayofanana, ilipewa sheria mbili tofauti chini ya bendera moja ya Uingereza. Nchini Kenya, Mwafrika hakuruhusiwa kupanda kahawa bila leseni, na leseni hiyo kwa muda mrefu hakupewa. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kistaarabu kabisa: Waafrika wataeneza magonjwa ya mimea kwenye mashamba ya walowezi, watashusha ubora wa zao sokoni, na mashamba yao madogo yatakuwa maficho ya kahawa ya wizi. Iliyokuwa haisemwi kwa sauti ni kwamba mkulima mwenye kahawa yake asingekwenda kufanya kibarua katika shamba la mlowezi. Katikati ya miaka ya 1930 waliruhusiwa wachache kwa majaribio huko Meru, Embu na Kisii, na mlango ulifunguliwa kwa upana tu baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, yaani mpango wa serikali ya kikoloni wa kuendeleza kilimo cha Waafrika.

Upande wa pili wa mpaka, Wachagga wa Kilimanjaro walikuwa wamekwisha kuipanda kahawa hiyo hiyo. Walowezi wa Moshi walitaka nao wazuiwe kama wenzao wa Kenya, na kwa hoja zile zile, lakini hawakufanikiwa. Mwaka 1925 wakulima walianzisha chama chao ili kujitetea na kupambana na magonjwa ya mibuni kwa pamoja, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Magonjwa yaliyokuwa yanahofiwa yalikabiliwa kwa dawa na elimu. Shule zikajengwa kwa fedha ya kahawa. Nikiri hapa kwamba hata huko Kilimanjaro mambo hayakuwa malaika watupu, kwani ushirika wenyewe ulipopewa uwezo wa kisheria wa kuwalazimisha wakulima kuuza kahawa kwake peke yake, ghasia zilizuka mwaka 1937. Sababu ilikuwa ile ile: mtu aliyezoea kuwa bwana wa jasho lake hakubali kirahisi kuambiwa kwamba jasho hilo sasa lina mlinzi mlangoni, hata kama mlinzi huyo ni ndugu yake.

Baada ya Uhuru tulikuwa na nafasi ya kuachana na mtindo huo, na kwa bahati mbaya mara nyingine tuliurudia. Walio na umri wangu wanaikumbuka Nguvu Kazi ya mwaka 1983, wakati watu wa Dar es Salaam walipokuwa wakisimamishwa njiani na kudaiwa uthibitisho wa kazi, na waliokosa wakapakiwa kwenye magari kupelekwa mashambani. Nia ya viongozi wa wakati ule sina shaka nayo, maana nchi ilikuwa katika njaa na upungufu wa kila kitu, na walitaka watu wazalishe. Lakini waliokusanywa ni pamoja na watu waliokuwa wanafanya kazi tayari, isipokuwa kazi zao, za kuuza karanga, kung'arisha viatu na kubeba mizigo, hazikuwa kwenye orodha ya kazi zinazotambuliwa. Wengi walirudi mjini na karanga zao. Haki ya kufanya kazi ilikuwa imefungwa kwenye cheti, na asiye na cheti akahesabiwa kuwa hafanyi kitu.

Sasa nije kwenye hoja zinazotolewa kutetea leseni, kwa sababu zipo na baadhi yake ni nzito. Iliyo nzito kuliko zote ni ya usalama. Sitaki mtu asiyejua dawa anipimie dawa, wala dereva asiyejua breki anibebee mjukuu wangu, na wala siamini kwamba haki ya asili ya mtu kufanya kazi inajumuisha haki ya kuniua kwa kutojua kazi yake. Mahali ambapo kosa la fundi linaweza kutoa uhai, na mimi mteja sina namna ya kulitambua kosa hilo kabla halijanifika, dola inayo haki na wajibu wa kuuliza kwanza. Daktari, mfamasia, rubani, anayeunganisha umeme, anayejenga ghorofa: hao wapimwe, na wapimwe kwa ukali.

Tena hapa nchini tumewahi kuonyesha jinsi ya kulifanya hilo bila kumfungia mtu nje. Maduka ya dawa baridi vijijini yalikuwa yakiuza hata dawa ambazo hayakuruhusiwa, na wauzaji wengi hawakuwa na mafunzo. Ingekuwa rahisi kuyafunga yote. Badala yake, kuanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, ulianzishwa mpango wa Duka la Dawa Muhimu: muuzaji alipewa mafunzo ya wiki kadhaa, duka likakaguliwa, orodha ya dawa anazoruhusiwa kuuza ikaongezwa ili mgonjwa wa kijijini apate anachohitaji bila kusafiri, kisha ndipo kibali kikatolewa. Mpango huo ulienea mikoa mingine. Kibali cha namna hiyo sina ugomvi nacho, kwa sababu kinajibu hatari inayojulikana, kinamfundisha mtu kuishinda, na mwisho wake watu wengi zaidi wanafanya kazi kihalali kuliko mwanzo. Ninamwomba anayetaka kutetea leseni ya fundi cherehani anionyeshe hatari inayolingana na hiyo katika kola ya shati.

Hoja ya pili ni ya mapato. Serikali inahitaji fedha za barabara, zahanati na mishahara ya walimu, na mimi niliyelipwa mshahara huo kwa miaka yote ya kazi yangu sitakuwa mtu wa kuikana kodi. Lakini kodi na leseni ni vitu viwili. Kodi inamwendea mtu aliyekwisha kupata na kumwambia, toa sehemu kwa ajili ya wote. Leseni inamwendea mtu kabla hajapata na kumwambia, usianze. Halmashauri ikihitaji fedha iseme inahitaji fedha, itoze ushuru unaolingana na kipato, na itoe risiti. Isimwuzie mwananchi haki ambayo Katiba inamtambua kuwa nayo tangu anazaliwa. Wakusanya mapato wenyewe wanajua kwamba anayeogopa kukamatwa hujificha, na aliyejificha halipi.

Ya tatu ni ya utaratibu mijini, kwamba bila leseni kila mtu atajipangia popote. Njia za waenda kwa miguu ni mali ya wote, na anayeziba mtaro au mlango wa hospitali aondolewe, awe na leseni au asiwe nayo. Sheria ndogo za halmashauri zinatosha kwa kazi hiyo. Kutumia leseni kutatua tatizo la mahali ni kumpokonya mtu kazi yake kwa sababu ya kiti chake.

Ningependa kuongeza neno kuhusu leseni za kusema, kwa kuwa gazeti hili lenyewe linalibeba jambo hilo mabegani. Chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 na kanuni zake, gazeti linatakiwa kuwa na leseni, na leseni hiyo huhuishwa kila mwaka. Mwaka 2018 zikaja Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, zilizomtaka hata kijana mwenye blogu yake alipe shilingi 100,000 za maombi na shilingi 1,000,000 za leseni, na akichapisha bila hiyo akabiliwe na faini isiyopungua shilingi 5,000,000 au kifungo kisichopungua miezi 12. Kanuni hizo zimefanyiwa marekebisho zaidi ya mara moja tangu hapo, na ninashukuru kwa kila lililolegezwa. Msingi wake ndio unaonisumbua. Ibara ya 18 inatambua uhuru wa kila mtu kuwa na maoni na kueleza fikra zake, na uchochezi, kashfa na uongo vina sheria zake za kuviadhibu baada ya kutendwa. Kumzuia mtu kabla hajasema lolote ni kumhukumu kwa maneno ambayo hayapo. Uingereza iliyotuletea sheria zake iliiacha sheria yake ya kuwapa leseni wapiga chapa iishe muda mwaka 1695, na miongoni mwa waliopinga kuhuishwa kwake alikuwa mwanafalsafa John Locke, yule yule ambaye jina lake linatajwa kila zinapozungumzwa haki za asili. Walichokiacha kwao wakati huo, makoloni yalikuja kukipokea kama sheria ya kawaida.

Najua kwamba kuna atakayesema Serikali imekwisha kulisikia jambo hili kwa wafanyabiashara wadogo, na ni kweli imelisikia kwa sehemu. Desemba 2018 Rais John Magufuli alianzisha vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka, ili wasibughudhiwe. Nia ilikuwa ya kumkinga mnyonge na nilifurahi kuiona. Lakini kinga ile ilipofika chini, sehemu nyingine iligeuka. Katika soko ninalonunua mboga, niliwasikia watendaji wakiwaambia akina mama, asiye na kitambulisho hauzi hapa. Kitu kilichoanza kama ngao kikawa tiketi ya kuingilia, kwa sababu hakuna aliyebadilisha kanuni iliyo chini yake, ile inayosema kwamba mtu mdogo hawezi kufanya kazi mpaka aonyeshe karatasi. Ndiyo maana siridhiki na pendekezo la kupunguza ada. Ada inaweza kupunguzwa mpaka sifuri na bado afisa akabaki na uwezo wa kusema hapana bila kutoa sababu.

Ninalopendekeza kwa waheshimiwa wabunge na wizara zinazohusika ni kuifanyia marekebisho Sheria ya Leseni za Biashara ili kazi zote ambazo hazina hatari kwa uhai, na ambazo mauzo yake ni madogo, ziondoke kwenye utaratibu wa leseni na kuingia kwenye utaratibu wa taarifa. Mtu aende kwa mtendaji wa kata au mtaa, aandikishe jina lake, kazi yake na mahali anapoifanyia, hata kama mahali penyewe ni baraza ya nyumba ya jirani au mwembe wa njia panda, agongewe muhuri nakala yake siku hiyo hiyo na aondoke akafanye kazi. Asidaiwe mkataba wa pango. Halmashauri ikiwa na sababu ya kumzuia, iieleze kwa maandishi, itaje madhara yenyewe na nani anayapata, na mtu huyo awe na mahali pa kukata rufaa kabla hajazuiwa na si baada ya kufilisika. Kwa namna hiyo mzigo wa kueleza utabebwa na anayetaka kuzuia, kama ulivyobebeshwa polisi baada ya hukumu ya Dodoma.

Sina shaka kwamba wataalamu watapata kasoro katika pendekezo hili, na kwamba kiwango cha mauzo kinachofaa kitahitaji kujadiliwa na watu wanaojua hesabu kuliko mimi. Lipo hata hivyo jambo moja lisilohitaji mtaalamu wala kamati, na linaweza kufanywa na halmashauri yoyote kabla Bunge halijakaa: kufuta katika sheria ndogo zake uwezo wa mgambo kuchukua zana ya kazi ya mtu bila amri ya mahakama. Cherehani, jiko, mizani, baiskeli na toroli haviziumizi halmashauri vikiwa mikononi mwa wenyewe. Vikikaa miezi kwenye ua wa ofisi vinapata kutu, na mwenyewe anakopa kununua kingine au anaacha kazi. Kijana niliyemzungumzia alilipa faini akaipata cherehani yake ikiwa imevunjika gurudumu, na shati la mwanafunzi halikuonekana tena. Halmashauri zitakazoona aibu kwa jambo kama hilo zianze na hapo, mwezi huu, kwa azimio la baraza la madiwani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu mstaafu wa Uraia,
Morogoro